Barua kwa Magesa kuhusu brashi kavu

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Magesa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipata pamoja na picha ya mfano mdogo wa mtumbwi wa dagaa ulioutengeneza, na mbao zake kwa kweli umezichonga vizuri. Unalalamika kwamba tangu uupake rangi ya kahawia mistari yote ya mbao imepotea. Hilo linatibika, na dawa yake ni mbinu ya brashi kavu, ambayo nami naendelea kujifunza kwa kuunda mfano wa Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza.

Mtumbwi halisi wa mita 7, ukiundwa kwa kipimo cha 1:35 kama ulivyofanya, huwa na sentimita 20 tu, na ubao wenye unene wa sentimita 3 haufiki hata milimita moja. Ukingo mwembamba kiasi hicho hauwezi kutupa kivuli cha kuonekana, hata ukiuweka juani, kwa hiyo mpakaji hulazimika kuvitia mwanga na kivuli kwa mkono wake: kivuli kwa rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, ambayo hutiririka na kutuama katika mifereji, na mwanga kwa brashi kavu, ambayo hugusa sehemu zilizoinuka peke yake.

Tafuta brashi bapa yenye nywele ngumu, tena iliyokwisha kuchakaa, kwa sababu kazi hii huimaliza brashi upesi. Chovya ncha yake tu katika rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko ile ya chini, kisha uifute kwenye kitambaa cha pamba, huku na huku, mpaka udhani kwamba haina kitu tena. Hapo ipitishe juu ya kidole gumba. Ikiacha doa, endelea kufuta. Ikiacha vijistari vyembamba juu ya mikunjo ya ngozi huku mabonde yake yakibaki safi, iko tayari. Pitisha kwa wepesi, ukikata mistari ya mbao badala ya kuifuata, na rudia mara nyingi bila kukandamiza. Mwanzoni utaona kama hakuna kinachotokea, halafu kingo zitaanza kujitokeza zenyewe. Brashi isiwe na unyevu wowote, kwa sababu tone moja la maji hulainisha rangi iliyofichwa kati ya nywele na kuimwaga yote mahali pamoja.

Uliniuliza utumie rangi ya maji au ya mafuta. Mimi napendelea ya maji kwa tabaka la chini na ya mafuta kwa brashi kavu. Rangi ya maji hukauka ikiwa bado kwenye nywele, hasa alasiri upepo wa ziwani unapovuma, na huacha ungaunga kama chaki, ilhali ya mafuta hukawia kukauka na hivyo huchanganyika taratibu na rangi iliyo chini yake. Tabaka la chini lazima liwe limekauka kabisa, nalo lisiwe la kung'aa.

Kwenye jiwe nimetumia brashi ya poda kutoka duka la vipodozi, kwa kuwa nywele zake laini hufaa kwa miamba ya mviringo kama yetu. Nilianza na kijivu cha giza, nikapanda hadi kijivu chepesi kilichotiwa hudhurungi kidogo, na nyeupe nikaiacha kwa kileleni tu, mahali ndege wanapotua na kuacha kinyesi. Nyeupe tupu ikienea kila mahali, granaiti hugeuka kuwa kama mkate uliomwagiwa unga.

Hilo ndilo tatizo kubwa la mbinu hii, kwamba inanogesha mno. Muunda mifano Mbelgiji François Verlinden alisifika nayo sana katika miaka ya 1980, na waliomwiga waliizidisha hata mifano yao ya vifaru vya vita ikapauka. Baadaye wengi waliipunguza, nami nawaunga mkono. Usiitumie kwenye sehemu bapa na laini, kama ubavu wa meli ya chuma, kwa sababu hapo nywele hazina cha kukamata na zitaacha michirizi. Kwa karabai za mtumbwini, hata rangi usihangaike nayo: saga ncha ya penseli, chukua unga wake kwa kidole na usugue kingo, zitang'aa kama bati lililozoea kushikwa.

Nimemkabidhi mpwa wangu, anayekuja Musoma wiki ijayo, brashi mbili na kikopo cha rangi ya mchanga. Ukimaliza nitumie picha, lakini ipige kando ya dirisha bila taa ya kamera, maana taa hiyo hufuta tofauti zote ndogo za rangi, nami nataka kuona ulivyoupaka ukingo wa juu karibu na makasia.

Wako,
Bahati