Kabla ya kuajiri meneja wa mji, ulizeni nani atatia sahihi

Mhariri,

Mjadala wa iwapo miji yetu midogo hapa Kenya iwe na meneja wake au iendelee kusimamiwa kutoka makao makuu ya kaunti umekwama kwenye mshahara. Wanaopinga wanasema ni mdomo mwingine wa kulishwa. Wanaounga mkono wanasema taka zitazolewa. Swali lenyewe halijaulizwa: huyo meneja ataweza kulipia nini bila kubisha hodi kaunti?

Chukueni taka. Mji wa watu 20,000, kila mmoja akitupa nusu kilo kwa siku, unatoa tani 10. Taka ni nyepesi lakini zinajaza. Hata zikiwa na uzito wa kilo 400 kwa mita ya ujazo, hizo ni mita 25, yaani tipa la mita 10 liende jaani mara tatu kila siku, Jumapili ikiwemo. Sasa tairi mbili ziishe. Dereva anamwarifu msimamizi wa wadi, huyo anamwandikia wa kaunti ndogo, barua inapanda hadi kwa afisa mkuu wa idara, watu wa ununuzi watoe LPO (hati ya kuagiza bidhaa), kisha muuzaji anayedai madeni ya mwaka jana akatae kutoa tairi. Wiki moja ni tani 70. Maganda na chupa zinaingia mtaroni, na mvua ya kwanza ikinyesha maji yanapita madukani. Ukichunguza mafaili utakuta kila mtu alitia sahihi yake. Mzembe humpati.

Meneja anaweza kuikata safari hiyo ya barua, ila kwa masharti. Kwanza, kaunti iukabidhi mji majukumu kwa maandishi, moja moja: soko, taka, taa za barabarani, mitaro, kichinjio. Agizo la mdomo hufa siku waziri wa kaunti anapobadilishwa. Pili, mji uwe na kifungu chake katika bajeti. Tatu, na hili ndilo husahaulika, waziri wa fedha wa kaunti amteue meneja kwa barua kuwa afisa wa uhasibu. Bila barua hiyo, meneja ataidhinisha kazi lakini malipo yatasubiri sahihi ya afisa mkuu, na tairi zitarudi kwenye foleni ileile.

Wazee wanaowakumbuka makarani wa mabaraza ya miji watasema mambo yalikuwa rahisi. Kwa upande mmoja ni kweli. Hadi mabaraza yote 175 ya serikali za mitaa yalipovunjwa mwaka 2013, ushuru wa soko uliingia akaunti ya baraza. Leo Kifungu cha 207 cha Katiba kinaupeleka katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na kuutoa huko kunahitaji bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Mama mboga analipa risiti kila asubuhi akidhani anafagiliwa soko, kumbe pesa zake zimeshasafiri. Lakini tusiyapambe mabaraza: mengi yalikufa na madeni, na karani alikuwa mtu wa wizara, hakumwogopa mwenye mji.

Wazo la meneja halikuanzia kwetu. Staunton, mji mdogo wa jimbo la Virginia, Marekani, ulimwajiri mhandisi Charles Ashburner mwaka 1908 kwa sababu kazi za mji zilikuwa zimegawanywa kwa kamati za madiwani hadi hakuna wa kuulizwa. Sisi tulipoiga, mara nyingi tulichukua cheo. Mradi wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipofikia kaunti 45, mji ulitakiwa kuwa na hati ya manispaa, bodi na meneja ndipo upate ruzuku. Vyeo vikapatikana haraka. Majukumu yakabaki idarani.

Kuna pia suala la ukubwa. Tangu sheria ya miji irekebishwe mwaka 2019, manispaa inahitaji wakazi 50,000, na mji wa kawaida 10,000. Mji wenye watu 15,000 usikimbilie manispaa kwa ajili ya jina. Kamati ya mji na msimamizi mmoja anayejua kazi vinautosha. Na msimamizi huyo awe ameajiriwa kwa ushindani kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Kaimu aliyeazimwa kutoka idara fulani ataendelea kuitii idara hiyo, maana ndiko kiti chake kilipo.

Wakazi nao waelezwe mapema asichoweza meneja. Barabara kuu inayopita katikati ya mji ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, mabomba ni ya kampuni ya maji. Atalaumiwa kwa vyote viwili.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Yafungueni, mtafute ukurasa wenye jina la mji wenu. Mkikuta mafuta, tairi, vibarua wa usafi na ukarabati wa mitaro, tangazeni kazi ya meneja. Mkikuta mshahara, marupurupu na gari jipya tu, msiajiri mwaka huu.

Mdau wa mipango miji,
Mombasa