Kaka, hiyo bolti usifunge kwanza

Kaka mambo vipi, huko salama? Umepotea weee mpaka nimeanza kuulizia kwa watu, alafu unaibuka usiku na picha ya karatasi ya alaimenti, vile vipimo vya pembe za tairi, bila hata salamu, nikajua tu hapa ile gari yako ya Golf imemchanganya mtu. Sisi wazima wote, mama anakusalimu sana, na shemeji yako kasema ukija bila watoto geti halifunguliwi. Haya, salamu zimetosha, maana umesema kesho unaipeleka wakafunge bolti ya kurekebisha kemba, yani tairi inavyolalia ndani au nje ukiitazama kwa mbele, upande wa kulia yaishe, na mimi nakuomba usiende. Yani usiende kwanza, nisome mpaka mwisho ndo uamue.

Nimeikuza ile picha nikaisoma vizuri. Mbele kushoto kemba minus dakika 10, mbele kulia minus digrii 1 na dakika 20 (minus ni juu ya tairi kuingia ndani, na dakika 60 ni digrii moja). Zinapishana digrii 1 na dakika 10, na hiyo ni nyingi, pande mbili zikishaachana zaidi ya nusu digrii mkono unaanza kusikia kwenye usukani. Gari huvuta kuelekea upande ambao kemba yake iko juu zaidi, yani isiyo na minus kubwa, kwa hiyo kwako inatakiwa ivute kushoto, na ndo unachosema inafanya. Na tairi ya kulia kuliwa ndani nayo inaingia akilini, ingawa kuliwa kwa ndani mara nyingi mwenye kosa kubwa ni too, yani tairi mbili zinavyoelekea ndani au nje ukizitazama kutoka juu, nitarudi hapo. Kwa hiyo mashine sina ugomvi nayo, namba zinaendana na gari. Ugomvi wangu ni na hao walioziangalia namba mbili tu wakakata shauri. Hiyo karatasi inakwambia tairi ya kulia juu imeingia ndani, haikwambii nani kaiingiza. Inaweza kuwa shokapu imepinda, inaweza kuwa aamu, ule mkono unaoshika tairi kwa chini, inaweza kuwa sabufremu yote, ile fremu ya chini zinakofungwa aamu, imesogea, na kila kimoja dawa yake tofauti kabisa. Ukifunga bolti namba zitarudi kwenye kijani, zitaonekana sawa, hata kama kuna chuma kimepinda huko chini, alafu unatoka unakanyaga mafuta na kitu kilichopinda kimejificha nyuma ya karatasi nzuri. Hilo ndo linaniuma.

Na huyo jamaa wa redieta anayesema chesisi imekwenda uuze vipuri, mwambie atulie. Kaiona wapi chesisi bila kupima? Anaitaka ile injini tangu zamani, wote tunajua.

Sasa anza na vya bure. Jaza upepo sawa pande zote, badilishana tairi za mbele, ya kulia iende kushoto, kama hazina mshale wa kuzungukia upande mmoja, alafu endesha. Mvuto ukihamia upande mwingine basi tairi lenyewe lina tatizo lake na kemba imesingiziwa sehemu. Kisha pima urefu wa gari, kutoka katikati ya haabu, pale tairi inapofungwa, mpaka ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Gari za umri ule springi hukatika ile koili ya chini kabisa na gari inaendelea kutembea tu, huioni mpaka upige magoti na tochi, na upande uliokaa chini kemba yake inazama kwenye minus. Fenda kama ilishapigwa puti usiiamini, pima pia kutoka bolti ya ndani ya aamu mpaka sakafuni. Na kabla ya kupima chochote isukume mbele na nyuma kidogo, ibonyeze bonyeze, maana ikishushwa kutoka kwenye jeki tairi zinakuwa zimekwama na zinadanganya.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe, na hili fanya leo jioni kabla hujalala. Mbele ya Golf ya toleo la pili kama yako ni shokapu zinazobeba uzito zenyewe, mguu wa shokapu umeshikana na haabu kwa bolti mbili, ya juu na ya chini. Kwa hiyo haabu na shokapu ni kama kitu kimoja, pembe kati yao imekaa palepale tangu kiwandani. Washa tochi, ingia nyuma ya tairi, utaona kati ya bomba la shokapu na ukingo wa ndani wa rimu kuna mwanya mdogo. Chukua biti za drili, tafuta ile inayopita hapo kwa kugusa kidogo tu bila kulazimisha, upande wa kulia, alafu nenda na biti hiyohiyo upande wa kushoto, urefu uleule kutoka sakafuni, juu kabisa ya rimu. Hakikisha rimu zote mbili ni za aina moja, na uzungushe tairi nusu mzunguko upime tena uchukue wastani maana rimu ya zamani hukosi kaupinde kidogo. Mwanya ukiwa sawa kulia na kushoto, bomba la shokapu na haabu hazina hatia, tatizo liko kwenye fimbo ya shokapu au kule zinakoshikilia, yani aamu, sabufremu au pale juu kwenye mwili wa gari. Mwanya ukitofautiana, basi kosa liko kati ya shokapu na haabu, na kwenye rimu ya inchi 14 ukiona zinapishana milimita 3 hapo juu ujue inakaribia digrii nzima, si kidogo.

Hicho kipimo cha biti ndo mashine inakifanya kwa namba, ila wanaruka hatua. Kuna pembe ya kingipini, ule mstari kutoka bolijointi, kile kiungo cha ncha ya aamu, chini mpaka kichwa cha shokapu juu, unavyolalia ndani. Ukijumlisha pembe hiyo na kemba, na alama yake ya minus, unapata jumla ambayo inatakiwa ilingane pande zote mbili. Namba za mfano tu: kulia kingipini 14 na dakika 50, toa 1 na dakika 20, inabaki 13 na nusu. Kushoto kingipini 13 na dakika 40, toa dakika 10, nako 13 na nusu. Jumla sawa, kwa hiyo hakuna kilichopinda kati ya haabu na shokapu, ila kitu kizima kimesogea. Lakini kingipini zikiwa 14 kote kote, kulia unabaki na 12 na dakika 40 na kushoto 13 na dakika 50, hapo tafuta chuma kilichopinda au bolti isiyo yake. Kuipata pembe hii lazima wafunge breki kwa kile kifimbo cha kukandamiza pedeli, tairi ziwe juu ya sahani zinazozunguka, wageuze usukani digrii 20 kulia na 20 kushoto. Kwenye karatasi yako sehemu hiyo ni tupu, kasta, yani mstari uleule unavyolalia nyuma, nayo tupu, kwa hiyo hawakugeuza chochote! Walipima dakika chache wakakuuzia bolti. Ukirudi sema unataka kasta na kingipini zote mbili zimechapwa, wakikataa ondoka.

Mimi kwa kubahatisha nikiwa mbali hivi nanusa sabufremu, nikwambie kwanini. Ukijumlisha kemba zako mbili ukagawa kwa mbili unapata minus dakika 45, na hiyo kwa GTI, ile Golf ya mbio, iliyoshushwa kidogo kama yako ni kemba nzuri tu. Sabufremu ikisogea kulia, inasukuma chini ya tairi ya kulia itoke nje, juu inabaki, kemba ya kulia inazidi minus, alafu kushoto chini inavutwa ndani, kemba inarudi juu. Upande mmoja unachokipata mwingine unakipoteza. Ila hapo kuna hesabu inanisumbua, kutoka bolijointi mpaka kichwa cha shokapu tuseme milimita 600, milimita moja ya kusogea ni kama dakika 6 hivi, na wewe kila upande umeachana na wastani kwa dakika 35, kwa hiyo ingebidi isogee milimita 6. Matundu ya bolti hayana nafasi hiyo yote. Kwa hiyo kama ni sabufremu basi haiko peke yake, kuna mwenzake, labda bushi ya nyuma ya aamu, ule mpira wake, imechanika, labda... ngoja, ile siku ya mvua ulivyopanda ukingo wa barabara, ilikuwa tairi ya kulia au ya kushoto? Nakumbuka rimu ilibadilishwa ila sikumbuki ya wapi.

Ukiwa chini na tochi angalia washa za bolti za sabufremu. Ikisogea inaacha alama, unaona upande mmoja wa washa kuna chuma kinachong'aa umbo la mwezi mchanga na upande wa pili uchafu wa zamani umejikunja kama rojo. Ukiona hivyo jibu unalo. Aamu nazo ni bati lililokunjwa, likipinda rangi hupasuka kwenye mkunjo wa ndani na kutu inaanza hapo, pitisha kidole ukingoni utakisikia kibonde. Alafu shika futi ya mkanda, pima kutoka katikati ya tairi ya mbele mpaka ya nyuma, usukani ukiwa umenyooka, kulia na kushoto. Kiwandani ni milimita 2475. Kulia ikiwa fupi kwa kiasi cha kuonekana, tairi ilirudishwa nyuma na kitu, na kasta itakuwa imeshuka upande huo.

Kama mwanya wa biti ndo ulipishana, basi cha kwanza kabla ya kulaani shokapu toa bolti ya juu ya kulia uilinganishe na ya kushoto. Kwa Golf hizi kuna bolti nyembamba ya kurekebishia, unaitia badala ya ile ya kawaida na haabu inapata nafasi ya kulala. Inawezekana kabisa mwenye gari wa kwanza aliiweka upande mmoja akavuta mpaka mwisho, wakati huo springi zilikuwa nyingine, na wewe ulipobadilisha springi ikabaki vilevile. Hiyo ingekuwa habari njema kuliko zote. Zikiwa sawa, au hata kama mwanya haukupishana, legeza nati ya juu ya shokapu uzungushe ile fimbo taratibu, mtu mwingine akiangalia juu ya tairi, tairi likiingia na kutoka unavyozungusha basi fimbo imepinda, haina mjadala, na shokapu hubadilishwa pande zote mbili. Nati za zile bolti mbili weka mpya, usirudishie za zamani.

Na chochote utakachofanya, too inapimwa mwisho, baada ya kemba. Ukigusa bolti ya juu too inahama hapohapo, na too mbaya inakula tairi kwa haraka kuliko kemba. Watu wanaweka kemba wanaondoka, baada ya muda tairi mpya inatoka nyuzi wanasema Golf ni gari mbovu.

Mimi siipendi biashara ya kuiuza kaka. Ile gari ya mwishoni mwa themanini, farasi 112 tu, tairi 185/60, haina hata pawa stelingi, lakini ikiwa imenyooka unaijua barabara kwa viganja vya mikono, unaingia kona unaona tairi ya nje inashika kidogo kidogo mpaka inakaa. Nilivyoiendesha kwako ile mara ya mwisho ilikuwa hivyo. Kwa hiyo kilichoharibika kimeharibika baadae, na kitu kilichoharibika juzi juzi kinapatikana ukitafuta. Yule fundi, Mzee wa boksi, ana sakafu iliyonyooka na sahani za kuzungukia, mpigie, mwambie mimi ndo nimekutuma.

Sasa nijibu haya maana nakaa nayawaza. Inavuta kushoto muda wote au ukikanyaga breki tu? Na ukiendesha katikati ya barabara, pale ambapo lami haijainama upande, bado inavuta? Usukani umenyooka ukienda mbele au umekaa pembeni? Sabufremu ilishawahi kushushwa na mtu, hata kwa kazi nyingine? Zile shokapu mbili zina chapa moja, au mmoja ulinunua baadae? Na ukingo, kaka, ulikuwa wa kulia?

Nitumie picha za zile washa ukizipata, na namba ya biti iliyopita kila upande. Simu naiacha wazi, hata usiku sana nipigie.

Wasalimie watoto, na mwambie dogo spana yangu ya 19 iko kwenye boneti yako, nilimwona.

Ni mimi.