Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Macho ya Wanachama Wanaotumia Dawa za Kuondoa Chuma

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Mambo ya fedha atayaeleza mhazini. Mimi naomba taarifa hii niielekeze karibu yote kwenye suala moja ambalo uongozi wenu, nikiwamo mimi, ulichelewa kulishughulikia: macho ya wenzetu wa thalasemia na selimundu, magonjwa ya damu ya kurithi, wanaoongezewa damu mara kwa mara na kutumia dawa za kuondoa chuma mwilini.

Kwa miaka mingi tumehimizana kwamba dawa isikatishwe. Sababu ilikuwepo, kwa kuwa kila uniti ya damu huingiza takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku, na kinachobaki hujilundika kwenye ini, moyo na tezi. Tulichokisahau ni kwamba dawa inayotolewa kwa wingi kupita chuma kilichopo hudhuru macho na masikio, jambo ambalo kwa deferoksamini, dawa ya kuondoa chuma inayoingizwa mwilini kwa pampu, limeandikwa na madaktari tangu miaka ya 1980.

Katikati ya mwaka mama mmoja alinieleza habari za binti yake, anayelala na pampu ya deferoksamini usiku mara tano kwa wiki. Binti alianza kujikwaa kwenye ngazi za nyumba yao kila magharibi ilipoingia, kisha siku moja akashona pindo la gauni la kijani kwa uzi wa kahawia, akisisitiza kuwa rangi ni ileile. Nyumbani walidhani ni uchovu wa masomo. Daktari wa macho alipompanua mboni kwa matone aliona mabadiliko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na faili lilipokaguliwa ikabainika kuwa dozi yake, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, haikuguswa tangu ferritini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ilipokuwa 2,000, ingawa sasa ilikuwa imeshuka hadi 700.

Hesabu yake kila mzazi anaiweza. Miligramu 40 kila usiku kwa usiku tano, zikigawanywa kwa siku saba, ni wastani wa 28.6 kwa siku. Wastani huo ukigawanywa kwa ferritini, jibu halitakiwi kuvuka 0.025. Kwa ferritini ya 2,000 tunapata 0.014, na kwa 700 tunapata 0.041. Kushuka kwa ferritini, ambako sisi tulikupigia makofi, ndiko kulikoigeuza dozi salama kuwa ya hatari. Daktari alisimamisha dawa kwa muda, na uwezo wa kuona jioni umeanza kurudi. Si kila anayechelewa hubahatika hivyo.

Wanaomeza deferasiroksi, dawa nyingine ya kuondoa chuma, wasijione wamevuka, kwani nayo inaweza kuleta ukungu kwenye lenzi ya jicho, na maelekezo yake yanataka macho na masikio yapimwe kabla ya kuanza na kila mwaka baadaye. Kwa upande wa selimundu, ugonjwa wenyewe huziba mishipa midogo ya pembezoni mwa retina, na ile mipya inayoota mahali pake ni dhaifu na huvuja damu ndani ya jicho. Hali hii huwapata zaidi wenye aina ya selimundu iitwayo SC, ambayo wengi wetu huiita nyepesi. Kwa hiyo tusiitwishe dawa kila lawama, wala mtu asiiache kwa uamuzi wake: chuma kilichobaki moyoni huua.

Uongozi unapendekeza kwamba daftari la kliniki la kila mwanachama liongezwe safu tatu, yaani ferritini, dozi kwa kilo na tarehe ya kupimwa macho, na kwamba nauli ya msindikizaji ilipwe na chama siku ya kipimo, maana baada ya matone yale mtu huona ukungu kwa saa kadhaa na hafai kuvuka barabara peke yake. Naliweka pendekezo hili mbele yenu lipigiwe kura.