Asilimia 35 ya nini, Mhariri?

Mhariri,

Nalisoma gazeti hili tangu nikiwa msichana na sijawahi kuwaandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Katika ile habari yenu ya juma lililopita kuhusu kikokotoo, yaani ile hesabu ya kupanga mafao ya mstaafu, mmesema mwanachama wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, akistaafu analipwa kwa mkupuo asilimia 35 ya michango yake. Si kweli, na wapo watu wanaopanga maisha yao kwa maneno kama hayo.

Mafao ya uzeeni si kibubu kinachovunjwa siku ya kustaafu. Inachukuliwa miezi uliyochangia, inagawanywa kwa 580, kisha inazidishwa kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka mzima. Asilimia 35 yake mara 12.5 ndiyo mkupuo. Asilimia 65 inayobaki inagawanywa kwa 12, na hiyo unalipwa kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Asilimia tumeibishania weee: ilikuwa 25, ikaja 33 Julai 2022, ikawa 35 mwaka 2024. Miezi, ambayo ndiyo inaanza kwenye hesabu, hakuna anayeiuliza.

Mimi nimeiuliza nikiwa nimeshachelewa. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka 20, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu kwa mshahara wa shilingi 600,000. Miaka 20 ni miezi 240. Siku ya kufuatilia mafao, kijana wa dirishani alinigeuzia kompyuta yake akasema, "Mama, hebu angalia mwenyewe." Mistari ilikuwa inashuka vizuri, mwezi baada ya mwezi, mara ikaanza mitupu. Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo: 27. Miezi 27 ambayo kwenye slipu zangu, ninazozihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, asilimia 10 yangu imekatwa kila mwezi bila kukosa. Mwajiri alikata hela yangu, akala, na ile asilimia 10 yake ya kuongezea hakuitoa kabisa. Sheria inamtaka awasilishe yote ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Nilipomfuata mhasibu wa kiwanda aliniambia kipindi kile hali ilikuwa ngumu. Ngumu kwa nani? Mimi nilikuwa nasimama saa nane kwa siku kwenye vumbi la pamba, nafunga kitambaa puani, nikiamini nimeweka akiba ya uzee. Nimepiga hesabu na mwanangu mezani mara tatu. Miezi ile 27 inanikosesha shilingi 1,466,000 na ushee kwenye mkupuo, na zaidi ya 18,000 kila mwezi kwa uhai wangu wote. Hiyo ni dawa yangu ya presha. Na mimi nina nafuu. Mwenzangu wa chumba cha kusokotea nyuzi amekutwa na miezi 171, wakati pensheni ya kila mwezi inataka angalau 180. Miezi tisa iliyoliwa na mtu mwingine imemnyima pensheni.

Halafu kuna hawa wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu. Wanajua nani anakaribia miaka 60, wanamsubiri getini siku ya mshahara. Shemeji yangu alipiga hesabu ya asilimia 35 ya michango kama mlivyoandika ninyi, akakopa juu ya hesabu hiyo apaue nyumba. Riba imeshapita deni lenyewe, na bati ziko nusu. Serikali iwaondoe mageti ya viwanda, na wanaowakopesha wazee kwa kuweka kadi za benki rehani wakamatwe.

Ninachoomba ni hiki. Kila kiwanda, ifikapo tarehe 5, kibandike ukutani, pale tunapopanga foleni ya uji, karatasi yenye namba ya kila mfanyakazi na neno moja mbele yake: imelipwa au haijalipwa. Iwe kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka bila miwani. Mwezi mmoja ukikosekana tutauona mwezi uleule, mhasibu akiwa bado yupo na slipu ikiwa bado haijaliwa na mende.

Nanyi sahihisheni habari yenu. Muweke ile hesabu yote, 580 na 12.5, ukurasa uleule wa mbele mlikoandika makosa. Shemeji anasoma ukurasa wa mbele tu.

Mama Mstaafu,
Morogoro