YAH: KUUZIWA SSD ISIYOINGIA KWENYE KOMPYUTA YANGU

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina duka la vifaa vya ofisini (steshenari) hapa Dar es Salaam. Mwezi huu niliwaandikia WhatsApp nikitafuta SSD, yaani diski ya kisasa ya kuhifadhia data, ya GB 500 ya kuweka kwenye kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ninayochapia kazi za wateja. Sikuishia kutaja jina. Niliwatumia picha ya stika yenye Service Tag, yaani namba ya Dell ya kuitambulisha mashine, na nyingine ya ndani ya mashine. Mhudumu wenu akajibu kwamba inakubali NVMe, ile aina ya SSD yenye kasi zaidi, ameshahakikisha. Nikalipia.

Kilicholetwa ni SSD ya NVMe ya umbo la M.2, kile kibao chembamba cha milimita 22 kwa 80, chenye mkato mmoja kwenye meno yake. Kwenye mazabodi yangu (bodi kuu ya ndani) hakuna pa kukichomeka. Kuna sehemu za SATA, za waya wa diski za kawaida, na za PCIe, za kuchomeka kadi za ziada, basi.

Nilipopiga simu, mhudumu akaanza kunisomea sifa za 7010 kutoka mtandaoni, na hapo ndipo nikaelewa: alikuwa anasoma mashine nyingine. Jina hilo Dell wamelitumia mara mbili. Kuna 7010 ya mwaka 2012, ya prosesa za Intel kizazi cha tatu, na kuna 7010 ya mwaka 2023, ya kizazi cha 13, ambayo kweli ina sehemu ya M.2. Yangu ni ya 2012. Service Tag ingewaonyesha hivyo kwenye tovuti ya Dell, tena mara moja. Picha nilizotuma hakuna aliyezitazama.

Mkanishauri ninunue adapta ya PCIe, kadi ya kubebea SSD hiyo, nikainunua, tena kwenu. Ndani ya Windows SSD inaonekana, lakini kompyuta haiwaki kutokea humo, maana BIOS yake, programu inayoiwasha mashine, haitambui NVMe. Sasa mnakataa kuipokea eti pakiti imefunguliwa. Mlitaka niijaribu ikiwa bado ndani ya pakiti?

Mashine hii inahitaji SSD ya SATA ya inchi 2.5, inayochomekwa kwenye waya uleule wa diski ya zamani. Spidi yake ni kama MB 550 kwa sekunde, ndogo kuliko ya NVMe, ila kwa kuchapa barua na kuskani vyeti inanitosha na kubaki.

Naomba mchukue SSD na adapta, mnipe ya SATA ya GB 500, na mnirudishie tofauti ya bei. Kama hamnayo, nirudishieni fedha yote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea utaalamu wake. Nisipojibiwa ndani ya siku 7, lalamiko hili nitalipeleka Tume ya Ushindani (FCC).

Mhudumu msimkaripie, ameongea nami kwa heshima muda wote. Mwekeeni utaratibu wa kuangalia Service Tag kabla ya kumjibu mteja.

Wenu,
Mteja

Viambatanisho: nakala za risiti mbili, mawasiliano ya WhatsApp, picha ya ndani ya mashine.