Msianze na chumba cha Mandela: barua ya wazi kwa vijana mnaofunga safari ya Afrika Kusini

Wajukuu zangu,

Habari za safari yenu zimenifikia, na ratiba pia. Chumba alimofungwa Mandela, nyumba ya Mandela, sanamu ya Mandela. Si vibaya. Ila mkirudi na hayo tu, mtakuwa mmemwona mfungwa bila kuiona jela. Jela yenyewe ilikuwa nchi nzima, na aliyeshika funguo alikuwa karani.

Kwa hiyo anzeni na karatasi. Wenzenu wa Kenya wanalijua neno kipande, cheti ambacho mkoloni alimtundikia Mwafrika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Makaburu nao walikuwa na chao, kitabu kidogo ambacho wenye kukibeba walikiita dompas, pasi ya kijinga. Sheria ya 1952 ilimlazimisha kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kutembea nacho, ingawa wanawake walifikiwa baadaye, na hawakukubali kirahisi: tarehe 9 Agosti 1956 wapatao 20,000 waliandamana hadi Union Buildings, makao ya serikali, Pretoria.

Mkikikuta kimefunuliwa kwenye kabati la kioo, msikipite. Tafuteni ukurasa wa mwajiri, ule wa sahihi za kila mwezi. Bila kibali, Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Haki ya kuishi hapo aliipata aliyezaliwa mji huo na kukaa bila kuondoka, au aliyefanya kazi kwa tajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au aliyeishi kihalali miaka 15. Sasa pigeni hesabu. Mtu ana miaka tisa kwa tajiri mmoja, siku hiyo anatukanwa mbele ya watu. Akijibu, anafukuzwa, na hesabu inaanza upya. Sheria haikuhitaji kumwekea polisi mlangoni. Mkishaielewa hesabu hiyo, nendeni Sharpeville, mtaa wa Waafrika kusini mwa Johannesburg, ambako tarehe 21 Machi 1960 watu walikwenda kituo cha polisi bila vitabu vyao ili wakamatwe, wakapigwa risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa maiti 69, na wengi walipigwa mgongoni.

Johannesburg, katika Makumbusho ya Apartheid, tiketi itawapangia rangi bila kuwauliza, Mzungu au asiye Mzungu, na kila mmoja ataingia kwa mlango wake. Makundi mengi hubadilishana tiketi ili yasitengane. Msifanye hivyo, kutengana ndilo somo mlilolipia. (Jumba hilo liko jirani na kasino, na wenye kasino ndio waliolijenga, kwa sababu leseni yao ilidai mradi wa manufaa kwa jamii. Nchi ina vituko.) Sophiatown, mtaa wa Johannesburg waliokuwa wakiishi Waafrika, watalii hupita haraka, lakini nyinyi simameni kwenye Kanisa la Kristo Mfalme. Mitaa iliyolizunguka ilianza kuvunjwa Februari 1955, watu wakapelekwa Meadowlands, na pakapewa jina la Triomf, yaani Ushindi. Padri wa hapo aliyepinga, Trevor Huddleston, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960. Watu wa Mtwara mna deni la kumsalimia.

Kisiwa cha Robben, alikofungwa Mandela, kipangeni siku yenu ya kwanza Cape Town, kamwe si ya mwisho. Upepo ukichafuka boti haziondoki, na mwenye ndege kesho yake hubaki kukitazama kisiwa kwa mbali. Kateni tiketi mapema. Kwenda, kuzunguka na kurudi huchukua kama saa tatu na nusu. Gerezani tafuteni ubao wa mgao wa chakula. Waafrika wana safu yao, Wahindi na Coloured (jamii ya asili mchanganyiko) yao, na mgao wa jemu kwa Mwafrika haupo. Ahmed Kathrada, aliyehukumiwa pamoja na Mandela, alipofika 1964 alipewa suruali ndefu kwa kuwa ni Mhindi. Mandela na wenzake, watu wazima, wakavishwa kaptura. Kosa moja, hukumu moja, suruali mbili. Kisha mwombeni anayewatembeza awaonyeshe nyumba ya Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha Pan Africanist Congress (PAC). Alimaliza kifungo chake 1963, Bunge likatunga kifungu cha kumshikilia, naye akakaa pale hadi 1969, akikatazwa kuzungumza na wafungwa wengine.

Wanaowatembeza ndani ya gereza wengi wao walifungwa humo. Msiwaulize waliumia kiasi gani. Waulizeni walilalia nini, barua ilikatwa maneno gani, nani alikuwa zamu. Swali dogo humpa mzee nafasi ya kuchagua atakachosimulia.

Kwenye Makumbusho ya District Six, mtaa wa Cape Town, sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliohamishwa wameandika majina yao pale nyumba zao ziliposimama. Mtaa huo ulitangazwa wa Wazungu tarehe 11 Februari 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa. Msiishie ndani. Tokeni, pandeni kilimani, mwone viwanja ambavyo hadi leo vimeota nyasi.

Sasa ulimi wenu. Sisi tukisema Wabantu tunazungumzia lugha. Kule ni neno la serikali ya Makaburu, na linauma. Kafiri kwetu ni neno la dini. Kule ni tusi la kufikishana mahakamani, kwa hiyo lisiwatoke hata mkitaniana kwa Kiswahili ndani ya teksi. Na Coloured msiwatafsiri kuwa machotara. Ni jamii yenye jina lake, litumieni lilivyo.

Kabla ya yote hayo, nendeni Morogoro. Mazimbu, ambako leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, ndiko ANC, chama cha ukombozi cha Mandela, walikoendesha shule yao hadi 1992, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Makaburi ya wakimbizi yako hapo hapo. Nakilini majina daftarini kwa kalamu ya risasi, herufi kwa herufi, maana majina ya Kizulu na Kixhosa huharibika upesi mikononi mwetu. Mkifika Mamelodi, kando ya Pretoria, kwenye sanamu ya Mahlangu, litoeni daftari hilo. Huenda mkapata wa kuwasomea.

Safari njema.
Ni mimi, babu yenu