Barua kwa Salim kuhusu mkataba wa michoro ya Mji wa Kale

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na habari kwamba umeombwa kuijenga mitaa ya Mji wa Kale ndani ya mchezo wa video imenifurahisha sana, kwa kuwa simjui mwingine aliyeitazama milango ya nakshi ya Ndia Kuu kwa subira kama yako. Lakini umeniambia pia kwamba mkataba utafuata baadaye, kazi ikishaanza. Neno hilo limenitia wasiwasi, na ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa huyo aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Wasanii wengi wanaamini kinyume chake, yaani kwamba mchoro hubaki wa mchoraji hadi atie sahihi ya kuuza. Kwa hiyo mkataba ukinyamaza, kimya hicho kinamfaa aliyekuagiza, wala si wewe: ataweza kuitia milango yako katika mchezo wa pili na wa tatu, au kuwauzia wachezaji mmoja mmoja, bila kukuuliza wala kukulipa tena. Kitakachokubakia ni haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima, ambazo kifungu cha 32 hakiruhusu zihamishwe ukiwa hai. Hizo ni haki za thamani, lakini hazilipi kodi ya nyumba.

Naomba basi uandike wazi kwamba unawapa leseni ya kuitumia michoro katika mchezo huu peke yake, na hakimiliki inabaki kwako. Wakikataa, basi bei ipande, maana watakuwa wananunua kitu kikubwa zaidi. Na ile michoro ya baraza na madirisha uliyoitengeneza zamani, kabla hawajakufahamu, iorodheshe kando pamoja na tarehe zake. Hiyo hawakuiagiza, na isipotengwa mapema itachanganyika na hii mpya hata wewe mwenyewe ushindwe kuonyesha mpaka.

Kuhusu vitu vya watu wengine, Ngome ya Yesu usiiogope. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na hakuna mwenye hakimiliki ya kuta zile. Picha za ngome ni jambo jingine, kwa sababu kila picha ina mpigaji wake, na ukiichukua ya mtu ukaibandika ukutani mwa mchezo umetumia kazi yake. Taarabu unayotaka isikike madirishani inahitaji uangalifu zaidi. Rekodi yenyewe hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ilhali mashairi na muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo sahani ya santuri ya zamani inaweza kuwa imemaliza muda wake huku wimbo uliomo bado una wenyewe. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayotaka jamii husika iridhie kabla sanaa yake haijatumiwa. Mimi naona hata kama sheria hiyo isingekuwepo, wazee wa mafundi wa nakshi wangestahili kuulizwa.

Wazo lako la kutia bao ndani ya mchezo halina tatizo, kwani kanuni za mchezo hazimilikiwi na mtu. Sura yake ndiyo inayolindwa: mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Xio ilivunja hakimiliki ya mchezo wa kompyuta uitwao Tetris, si kwa kufuata kanuni zake, bali kwa kuiga mwonekano wake karibu wote.

Umesema pia ungependa kununua kiwanja katika ulimwengu wa kidijitali na kufungua duka lako huko. Kabla ya hapo, zingatia yaliyompata Marc Bragg, wakili wa Pennsylvania. Alinunua viwanja katika Second Life, ulimwengu mmoja wa namna hiyo, kisha kampuni ya Linden inayouendesha ikadai amevipata kwa njia isiyo halali, ikafunga akaunti yake na kila kilichokuwamo. Mwaka 2007 jaji alikataa kumlazimisha apeleke shauri lake kwenye usuluhishi kama masharti yalivyotaka, akiona kwamba masharti hayo yaliuelemea mno upande mmoja na mteja hakuwa na nafasi ya kuyajadili. Kisha wakapatana nje ya mahakama, na swali la nani hasa anamiliki kiwanja cha namna hiyo likabaki bila hukumu. Linden ilikuwa imetangaza tangu 2003 kwamba wakazi wake wanabaki na hakimiliki ya wanavyovibuni, lakini haki hiyo haikupi ufunguo wa seva, yaani kompyuta za kampuni, ambamo vitu vyenyewe vimehifadhiwa. Weka nakala za faili zote kwako nyumbani.

Niletee rasimu ya mkataba kabla hujawapelekea mchoro hata mmoja. Nitaisoma pamoja na wakili ninayemwamini hapa mjini, tukurudishie ikiwa na marekebisho. Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Abdalla